Honorine na Masharti ya Kutoka

Kwa miaka saba Honorine alipima damu katika hospitali moja ya Kasongo, akikalia kiti kisicho na mgongo. Alikuwa ameomba kiti kingine mara tatu, kisha akachoka kuomba. Asubuhi watu walimnyooshea vidole, akawachoma, akatandaza tone la damu kwenye kioo, akainama juu ya mikroskopi karibu na dirisha, maana umeme haukuaminika lakini jua lilikuwepo. Malaria aliiona upesi kama mwanamke anavyoona mawe kwenye mchele. Ila kilichompa jina ni malale, ule ugonjwa wa usingizi. Wadudu wa malale ni wachache kwenye damu, tena wanajificha, na wapimaji wengi wakitazama kidogo wanaandika "hakuna" na kwenda kula. Honorine hakuandika "hakuna" mpaka macho yamtoke machozi. Vioo vililetwa kwake kutoka Nyangwe na hata kutoka ng'ambo ya mto, na madaktari walisema, "Aangalie Mama Honorine kwanza."

Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa. Lakini kazi ilikuwepo, na mtu aliyewahi kuikosa kazi hadharau kazi iliyopo.

Mwezi wa tano wa mwaka 2022 alikuja kijana mmoja hospitalini, viatu vyake safi kuliko barabara zetu zinavyoruhusu. Aliitwa Fabrice. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wafanyakazi wa kampuni moja ya dhahabu iliyokuwa inafungua machimbo upande wa Kabambare. Kampuni ilitaka dispensari kwa ajili ya wafanyakazi wake, na dispensari bila mpimaji ni duka la vidonge tu. Akamwambia Honorine kwamba jina lake limetajwa na watu watatu wasiojuana. Akamtajia mshahara. Ulikuwa mara tatu ya ule wa hospitali. Kuna nyumba ya mabati, akasema, na matibabu ya bure kwa watoto. "Mama, uje Kabambare wiki ijayo, usaini kontra, mkataba wako wa kazi."

Honorine alimshukuru, akarudi kwenye mikroskopi, akagundua kwamba hawezi kusoma kile alichokuwa anakisoma. Furaha ilikuwemo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine alichokijua vizuri: hofu.

Ilianza katika mji mdogo wa Wamaza, mwaka 2014. Wakati ule alikuwa mpimaji wa shirika moja la misaada, mwenye kofia na fulana yenye alama. Ijumaa moja asubuhi waliitwa uwanjani, wakaambiwa kwamba mradi umeisha. Kabla ya saa sita magari yalikuwa yamepakia jenereta, viti na hata mapazia, yakaondoka. Wafanyakazi wenyeji waliachwa wamesimama na fulana zao. Pikipiki wakati ule zilikuwa chache, na zile chache ziliomba bei ambayo hakuwa nayo. Honorine alimfunga mgongoni Esther-Divine, mwenye miezi mitano, akamshika mkono Falone, mwenye miaka minane, akatembea kurudi Kasongo. Siku ya pili mtoto mchanga alipata homa kali. Alikuwa mpimaji wa damu asiye na cha kupimia, amekaa kando ya njia akimpepea mwanawe kwa kofia ya shirika. Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile, kila aliposikia neno "mradi" alijiuliza utaisha lini.

Jioni ile alimweleza mume wake. Djamali aliwahi kuwa dereva wa lori la kampuni ya barabara, mpaka alipoumia mgongo na kampuni ikahama. Aliahidiwa dekonti, yaani yale malipo ya mwisho anayopewa mfanyakazi akiachishwa, na alingoja miaka minne kabla ya kukubali kwamba haiji. Sasa alilima mpunga kidogo kidogo, akipumzika kila mistari miwili.

"Mama Falone, saini," akasema aliposikia mshahara. "Mutoto anamaliza masomo mwaka ujao. Atataka kwenda kusoma Kindu. Tutamupeleka na nini?"

"Nitasaini. Lakini nataka waandike kwanza, siku wakifunga, wananitoa namna gani."

Djamali aliweka kikombe chini. "Usiwaulize hayo. Mutu hajaingia nyumbani, anauliza mulango wa kutokea uko wapi? Watasema huyu ni mushitaki. Watamupa mwingine."

"Wewe mwenyewe hukuandikiwa, Papa Falone."

"Ndiyo maana ninaogopa," akasema Djamali. "Mimi sikuuliza, nikapata kazi. Wewe ukiuliza, utakosa hata hiyo."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kesho yake Honorine alipita dukani kwa Papa Mugisho, mzee kutoka upande wa Bukavu aliyezunguka machimbo matatu kabla ya kufungua duka la chumvi, sabuni na betri karibu na soko. Mugisho alimsikiliza huku akipima chumvi.

"Leo wewe ndiye unatafutwa," akamwambia. "Walikuja hapa na pikipiki, wakauliza jina lako. Siku ya kufunga, hakuna atakayeuliza jina lako. Basi jambo lolote unalotaka kwao, litake leo. Na usikubali maneno ya mdomo. Mimi nimeahidiwa kwa mdomo mpaka masikio yakachoka. Karatasi, tena yenye muhuri."

"Na wakikataa?"

Mugisho alifunga mfuko wa chumvi. "Hapo sitakudanganya. Wanaweza kukataa."

Jumapili, baada ya misa, Honorine alikaa mezani na Falone. Yeye alisema kwa Kiswahili, binti akaandika kwa Kifaransa cha shule, kwa mwandiko mzuri. Mambo yalikuwa manne. Kampuni ikitaka kumwachisha au kufunga, imjulishe miezi miwili mbele, kwa barua. Imlipe mishahara ya miezi mitatu kabla wakubwa hawajaondoka machimboni. Imrudishe kwa gari, yeye, familia yake na vyombo vyake, mpaka mlangoni kwake Kasongo. Impe cheti kinachosema alifanya kazi gani na kwa muda gani.

"Mama, ni mengi?" Falone aliuliza.

"Sijui," akasema Honorine. Na kweli hakujua. Hakumfahamu mtu yeyote aliyewahi kuomba hata moja.

Safari ya Kabambare kwa pikipiki ilimchukua siku nzima. Dereva, Musafiri, aliyezoea kubeba barua na abiria katika njia ile, alimshusha mara nyingi ili wasukume pikipiki kwenye matope. Kila aliposhuka, Honorine aligusa mkoba kuona kama karatasi bado iko. Alifikia kwa binamu yake, akaoga, akalala bila kupata usingizi wa maana, na saa tatu asubuhi alikuwa kwenye ofisi ya kampuni, nyumba mpya iliyonuka rangi.

Fabrice alimpokea kwa heshima, akampa soda, akaweka kontra mezani. Honorine aliisoma polepole, kidole juu ya mstari. Mshahara ulikuwepo. Nyumba ilikuwepo. Ukurasa wa mwisho kulikuwa na mstari mmoja unaosema kampuni inaweza kuvunja kontra wakati wowote kulingana na mahitaji ya kazi. Mstari mmoja tu. Aliusoma mara tatu, na mara ya tatu aliona ule uwanja wa Wamaza.

Akatoa karatasi yake, akaisukuma mezani kwa vidole viwili.

Fabrice aliisoma. Mwanzoni alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Mama Honorine, ndoa haijafungwa, na wewe unazungumzia talaka?"

"Shefu, bwana yangu ni Mwislamu. Siku ya kunioa, wazee wake walitaja mahari mbele ya watu, hata ile sehemu atakayonilipa akiniacha, wakaandika, ndipo tukala pilau. Hakuna aliyesema ninataka kuachwa."

Fabrice alicheka kidogo, lakini alikuwa anatazama mlango, kama mtu anayeogopa kusikika. "Hakuna mfanyakazi wa hapa aliye na maneno haya. Hata mmoja. Nikikuandikia wewe, kesho madereva watakuja, keshokutwa wapishi."

"Waje. Si kosa langu."

"Iko kijana mwingine, anatoka Kindu na diploma mpya. Amekubali bila kusoma."

Honorine alifikiri kuhusu Falone. Alifikiri kuhusu Djamali akinyoosha mgongo kwenye mpunga. Kalamu ilikuwa palepale, juu ya karatasi, na kifuniko chake kimeshatolewa.

"Huyo kijana anajua kuona malale?" akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka.

Fabrice aliikunja karatasi ya masharti. "Siwezi kuamua mimi," akasema. "Nitamuuliza bosi, yuko Bukavu. Nitakupigia simu Jumatano. Lakini mama, bosi wangu hapendi watu wa masharti. Ujue hilo."

Honorine alitoka bila kusaini. Njia nzima ya kurudi alijiita mjinga.

Jumatatu alirudi kazini akidhani hakuna ajuaye. Saa nne Dokta Ilunga, mkurugenzi wa hospitali, alimwita. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyepiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nasikia unatuacha."

"Bado, Dokta. Sijasaini kitu."

"Mimi siwezi kukaa na mpimaji aliye na mguu mmoja nje. Kuna msichana amemaliza masomo, anangoja nafasi. Ijumaa uniambie unabaki au unaenda. Ukinyamaza, nitahesabu kwamba umekwenda."

Basi Honorine akawa amesimama katikati, upande huu Ijumaa, upande ule Jumatano, na Jumatano ndiyo ilikuwa inakuja kwanza. Alijipa moyo kwamba Jumatano itafika, simu italia, atajua.

Jumanne jioni antena ya simu ya Kasongo ilizimika. Watu walisema mafuta ya jenereta yake yameisha. Jumatano simu za mji mzima zilikuwa vipande vya plastiki. Honorine alipanda mpaka kule juu ambako wakati mwingine mtandao wa mbali hudondoka, akainua simu, akaizungusha, akaizima na kuiwasha. Hakupata kitu. Alipoteremka alikuwa ana hakika kwamba wakati uleule Fabrice alikuwa anapiga, anaambiwa namba haipatikani, na anamwita yule kijana wa Kindu.

Kazini alirudia kioo kimoja mara nne. Nyumbani aliacha chakula. Esther-Divine alimuuliza kama anaumwa. Djamali hakumlaumu hata kwa neno, alikuwa mpole isivyo kawaida yake, akamsogezea sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, na upole ule ulimchoma kuliko lawama. Aliona kwamba mume wake ameshaizika ile kazi na sasa yuko kwenye matanga.

Alhamisi alfajiri, moyo ukamshinda. Alichana ukurasa kwenye daftari la Falone, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Shefu Fabrice, ninakubali kontra jinsi ilivyo. Yale mengine yaachwe. Nitakuja kusaini.* Akaikunja, akaenda mbio mpaka kituo cha pikipiki, akamkuta Musafiri anafunga mzigo wa kwenda Kabambare.

"Umupe Fabrice wa kampuni, mkononi mwake."

"Usiku wa leo atakuwa nayo, mama, Mungu akipenda."

Pikipiki ikaondoka. Honorine alibaki amesimama kwenye vumbi. Alikuwa ametegemea kupata nafuu, na nafuu haikuja. Alihisi kama mtu aliyeuza kitu cha mamaye.

Saa sita na nusu mchana, akiwa labo, chumba chake cha kupimia, simu iliyokuwa mfukoni ikaanza kutetemeka. Antena ilikuwa imerudi. Ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tano, wote wa kale, kisha ikalia. Alikuwa Fabrice.

"Mama Honorine! Tangu jana ninakutafuta. Nimeongea na bosi."

Honorine alitoka nje, akasimama nyuma ya jengo, mkono mmoja kwenye ukuta. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba wakati ule Musafiri yuko mahali fulani njiani, na barua ile iko mfukoni mwake, inakwenda.

"Bosi alikasirika," Fabrice akaendelea. "Kisha akaniuliza kama huyo wa Kindu anajua malale. Nikasema sijui. Ni machimbo, mama, watu wanatoka kila pori. Mwaka jana mahali pengine tulipoteza wafanyakazi wawili, walitibiwa malaria mpaka wakafa, kumbe haikuwa malaria. Basi amekubali hivi: kukujulisha miezi miwili mbele, sawa. Gari, sawa. Cheti, sawa. Mishahara mitatu, hapana. Moja."

Sauti ndani ya Honorine ilisema, *kubali, kubali sasa hivi.* Alikuwa amepewa zaidi ya alichoomba katika barua iliyo njiani. Lakini aliona pia kwamba yule mtu wa Bukavu, aliyekasirika, alikuwa amerudi akakaa mezani. Na mtu aliyekaa mezani bado anaongea.

"Miwili," akasema. "Na mikroskopi."

"Mikroskopi gani?"

"Ile mutakayoninunulia. Siku mukifunga, inabaki kwangu. Mutaifanyia nini Bukavu? Dhahabu haipimwi na mikroskopi."

Alisikia Fabrice anaandika. "Nitamuuliza. Kesho nitakupa jibu."

Kesho. Usiku huohuo Musafiri angekuwa amefika.

"Shefu, nakuomba umuulize leo. Kabla jua halijashuka."

"Mama, siku zote ulikuwa na subira. Leo unakimbizwa na nini?"

"Daktari wangu anataka jibu kesho asubuhi. Ameshapata mtu." Ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote.

Simu ikakatika, asijue kama ni Fabrice ameikata au ni mtandao. Honorine alirudi ndani, akaomba mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi amsamehe, akatoka tena. Saa nane ikapita. Saa tisa. Alimpigia Musafiri ili amwambie arudishe barua, lakini simu ya Musafiri ilikuwa porini kama mwenyewe. Saa kumi alianza kufunga labo, akifunga kila kabati polepole, kama kwamba angeweza kuchelewesha jua.

Saa kumi na robo simu ikalia.

"Amekubali," Fabrice akasema. "Mishahara miwili, na hicho chombo chako. Ameuliza wewe ni mwanamke wa namna gani. Njoo Jumamosi usaini."

Honorine alijibu asante, akakaa chini palepale, kwenye nyasi, na sare yake nyeupe. Djamali alipomwona anarudi nyumbani na doa la nyasi nyuma, alifikiri ameanguka. Alipoelezwa, alimwomba arudie tangu mwanzo, kisha akauliza jambo moja tu: "Na barua?"

Hilo ndilo Honorine alilolala nalo siku mbili. Ijumaa, hata hivyo, alikwenda kwa Dokta Ilunga kusema anaondoka, bila kuwa na karatasi yoyote yenye muhuri mkononi. Alikuwa anatupa kazi ya miaka saba kwa ajili ya sauti iliyotoka kwenye simu. Daktari alimpa mkono. "Mlango ukifunguka tena, siahidi," akasema. Angalau hakudanganya.

Jumamosi, ofisi ya Kabambare. Fabrice alikuwa peke yake. Mbele yake kulikuwa na kontra mpya, iliyopigwa chapa, na pembeni yake karatasi ya daftari iliyokunjuliwa. Honorine aliutambua mwandiko wake kutoka mlangoni.

"Musafiri alitobokewa na tairi, akalala njiani," Fabrice akasema. "Barua yako ilinifikia jana saa tano. Kontra ilikuwa imekwisha kuchapwa, lakini haijapata muhuri."

Kila kitu kilichoandikwa kwenye kontra ile, karatasi ya daftari ilikuwa imekifuta, kwa mkono wa Honorine mwenyewe.

"Nimefikiri kumpigia bosi," Fabrice akasema. "Angenisifu. Ningekuwa nimemwokolea kitu." Aligeuza muhuri mkononi, akausoma kama hajawahi kuuona. "Mama, unajua kontra yangu mimi inasemaje ukurasa wa mwisho? Mstari ule ule mmoja. Nina muke na watoto wawili Uvira. Sikuuliza chochote. Niliogopa."

Akapiga muhuri, mara mbili, ukurasa wa mwisho na nakala yake. Karatasi ya daftari akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye kapu.

"Saini," akasema, "kabla sijabadilisha mawazo."

Alisaini.

Kazi ilikuwa nzuri na ya kuchosha. Honorine aliishi machimboni na Esther-Divine katika nyumba ya mabati, Falone akabaki Kasongo na baba yake kumaliza shule. Mwaka wa kwanza aligundua malale kwa watu watano ambao wengine wangewatibu malaria. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa lango, mtu mzito wa maneno, ambaye tangu hapo alimpigia saluti kila asubuhi. Mshahara ulifika. Falone alimaliza, akaenda Kindu kusomea ualimu.

Hata hivyo Honorine hakuacha kusikiliza. Aliujua muungurumo wa mashine moja moja. Mwezi wa tano wa 2024 mashine mbili zilinyamaza. Kisha lori la mafuta likaacha kuja. Wakubwa walisema ni mambo ya kibali, yatakwisha. Hofu ya Wamaza ilirudi. Na wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, Fabrice alimletea barua yenye muhuri: baada ya miezi miwili, dispensari itafungwa. Honorine alikuwa mtu wa pekee machimboni aliyeandikiwa. Fabrice akamsihi asiseme, bosi amekataza. Honorine alikaa nayo siku moja tu. Kesho yake aliwaambia wapishi na madereva watafute mahali pa kwenda. Alijua wanaweza kumwadhibu, na alingoja adhabu ile wiki nzima, haikuja. Wengine walimwamini, wakaanza kuondoka. Wengi walisema kampuni kubwa haifungwi hivyo.

Mwezi wa nane waliobaki wakaambiwa, Jumamosi, uwanjani, kwamba kampuni inafunga. Magari mawili ya wakubwa yalikuwa yameshaondoka alfajiri. Watu walipiga makelele, wakarusha mawe kwenye mabati, wakamtafuta Fabrice, maana yeye ndiye aliyewaandikisha wote. Honorine alikuwa na mshahara mmoja mkononi, aliolipwa siku iliyotangulia. Wa pili alikuwa ameahidiwa. Kijana mmoja wa usalama alitaka kuzuia sanduku la mikroskopi, akisema ni mali ya kampuni. Yule mlinzi wa lango alimnyang'anya kontra aliyokuwa ameonyeshwa na Honorine, akasoma kwa sauti mstari unaohusika, akalibeba sanduku mwenyewe mpaka kwenye lori.

Fabrice alikuwa amejificha stoo ya dispensari, na begi moja. Viatu vyake vilikuwa na tope.

"Wakubwa walisema gari limejaa," akamwambia Honorine. Alijaribu kucheka, hakuweza.

Lori liliagizwa kwa jina la Honorine, na Esther-Divine alikuwa ameshakaa mbele. Dereva, mgeni aliyekodishwa, alitazama karatasi, akamtazama Fabrice. "Imeandikwa mama, familia yake na vyombo vyake. Huyu ni nani?"

Honorine alikuwa ameogopa mambo mengi siku ile, na bado sauti za watu zilikuwa zinakaribia. "Ni mudogo wangu," akasema. "Panda nyuma, weye, shika godoro lisianguke."

Fabrice alilala chini ya godoro lile mpaka walipovuka daraja la pili.

Kasongo walifika kesho yake mchana. Djamali, pamoja na mgongo wake, alikataa kusaidiwa kushusha sanduku. Fabrice alikaa kwao siku tatu, akala bugali bila kuinua macho, kisha akapata nafasi kwenye gari la kuelekea Uvira. Mshahara wa pili ulitumwa kwa simu baada ya siku arobaini na barua tatu, ambazo Fabrice alimwandikia akiwa huko kwake, kwa kuwa aliyajua majina ya kuandikiwa.

Hospitali haikumrudisha, msichana yule aliyechukua nafasi yake anafanya kazi vizuri, na Honorine mwenyewe anasema hivyo. Alifungua labo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Djamali alipigilia rafu, na jirani akaandika ubaoni LABO MAMA HONORINI, kwa herufi nyekundu, akakosea mwisho. Honorine hakumrekebisha. Wiki mbili za kwanza alikaa dirishani akingoja, akianza kuhesabu mambo aliyoyakosea. Siku ya kumi na sita alikuja mwanamke kutoka Nyangwe, amembeba mtoto anayesinzia mchana kutwa, akauliza kama hapa ndipo wanapotazama mpaka mwisho.

"Karibu, mama," akasema Honorine. "Nipe kidole chake."